Baki ni Tano

Hombolo, usiku wa malipo. Lori la kiwanda limeshaondoka,
vumbi lake jekundu bado linatua juu ya kreti tupu.
Mezani chemli, daftari, kalamu inayovuja,
na fedha ya kikundi. Nimeihesabu mara tatu,
mara zote imenijibu neno lilelile:
720,720.

Nimeikaribisha kama mgeni. Ni mia saba ishirini
iliyosimama ukingoni mwa bwawa ikajiona majini.
Imebeba saba mgongoni, na kumi na moja, na kumi na tatu;
na mia saba ishirini yenyewe ni ngazi tu,
moja mara mbili mara tatu mara nne mara tano mara sita.
Jumlisha tarakimu zake: kumi na nane. Basi tisa nayo imo,
imejilaza ndani kama paka.
Vigawanyo mia mbili na arobaini!
Nilivipanga hadi mafuta yakapungua.

Jirani zake si wakarimu hivyo.
Ingezidi shilingi moja tu, ingekuwa nyumba ya milango miwili,
sabini na moja, na elfu kumi mia moja hamsini na moja,
na sisi wote nje, tunabisha.

Mwalimu Ndahani alituandikia ubaoni, darasa la sita:
kigawe kidogo cha shirika.
Nilidhani shirika ni ng'ombe wa watu wawili.
Kumbe ndiyo hii, ndogo kuliko zote
inayomkubali kila mmoja, wa kwanza hadi wa kumi na sita.
Tungekuwa kumi na watano, nusu yake ingetosha;
wa kumi na sita ndiye aliyedai iwe maradufu.
Nasi tuko kumi na sita.
Kila mmoja 45,045. Funga mkoba, tukalale.

Ila Nyemo.
Alipogoa, alipalilia, alibeba maji ya dawa kichwani,
wiki ya kuchuma akajifungua.
"Hakuchuma," alisema Chedego, "jina lake lisisomwe."
Nikagawa kwa kumi na saba, mbele ya wote:
42,395, na shilingi tano ikabaki,
tano isiyonunua hata punje ya chumvi.
"Umeona? Hata namba imemkataa."

Kumi na saba ni namba tasa.
Nililiandika neno hilo, nikalifuta.
Tasa! Na Nyemo ana mtoto wa siku tisa.
Ili kumi na saba aingie bila baki
ingebidi tuvune mara kumi na saba,
12,252,240.
Eka zetu mbili hazina ubavu huo.

Wameondoka. Utambi unakula ncha yake.
Nimeandika kumi na nane, kwa hasira, bila sababu.
40,040.
Nikarudia. 40,040, baki hakuna.
Mbili imo, tisa imo; walikuwa ndani tangu jioni
na mimi nawatafuta uani.
Kwa hiyo hatukuwa tumezidi.
Tulikuwa tumepungukiwa mtu mmoja.

Nani? Mtoto wa Nyemo? Hapana,
huyo bado hajui kudai.
Nimepita majina yote kwa kidole,
hadi nikasikia debe.

Mbeleje. Miezi mitatu anafukuza ndege
kwa debe bovu na manati,
malipo yake ugali wa uwele na mlenda,
siku nyingine mlenda peke yake.
Daftarini hayumo. Hata ukurasa wa matumizi hayumo.

Kesho nitasoma majina kumi na manane.
Kila mmoja wetu atatoa 5,005.
Chedego atasimama, atapiga hesabu kwa vidole,
na Chedego hajawahi kukosea hesabu;
hapo ndipo nimeweka tumaini langu, na hofu yangu pia.

Huko shambani debe linalia tena, usiku huu.
Zabibu zimekwisha tangu Jumanne.
Hakuna aliyekumbuka kumwambia.